Kulipwa na kakao: namna kambi yetu ilitazama filimu za Charlie

Juma hili hatuandiki juu ya mishahara wala juu ya helmeti. Tunaandika juu ya sinema. Mtu atauliza: sendika na sinema, wapi na wapi? Angoje kidogo, asome mpaka mwisho.

Kuna kitabu kimoja cha watoto ambacho kwa Kifaransa kinaitwa « Charlie et la Chocolaterie ». Watoto wetu wanaosoma masomo ya msingi wanakijua, walimu wengine wanawasomesha vipande vyake. Aliyekiandika ni Roald Dahl, mtu wa Uingereza, aliyezaliwa mwaka 1916 kule Wales, wazazi wake watu wa Norwe. Kitabu kilitoka kwanza Marekani mwaka 1964, kisha Uingereza mwaka 1967. Kimetiwa kwenye filimu mara mbili, 1971 na 2005. Mwaka 2023 wakaleta ya tatu, « Wonka », ambayo haifuati kitabu. Inabuni ujana wa mwenye kiwanda kabla ya habari za Charlie.

Mu wakati wa likizo kubwa tuliazima projekta, tukatundika shuka nyeupe kwenye ukuta wa chumba chetu cha mikutano, na Jumamosi tatu tukaonyesha zote tatu bila malipo. Watoto walikaa chini mbele, wakubwa kwenye mabenchi. Filimu zinasema Kifaransa. Kijana mmoja alisimama pembeni akiwafasiria wazee kwa Kiswahili, na mara mbili tatu aliongeza yake. Kisha kila filimu tuliwasha taa na kuuliza watu: munaona namna gani? Yale waliyosema njo tunaandika hapa, pamoja na yale watu wa ng'ambo wamesema, na kidogo mawazo yetu sisi wenyewe.

Kwa wale ambao hawajaona. Charlie Bucket ni mtoto wa masikini. Nyumba iko na watu saba na kitanda kimoja tu. Kile kitanda ni cha wazee wanne, babu wawili na bibi wawili, ambao miaka makumi mbili hawajashuka chini. Chakula chao ni supu ya kabichi. Karibu nao kuna kiwanda kikubwa cha chokoleti cha bwana Willy Wonka, lakini tangu zamani hakuna mtu anayeingia wala anayetoka. Siku moja Wonka anatangaza kwamba ameficha tikiti tano za zahabu ndani ya karatasi za chokoleti, na watoto watano watakaozipata wataingia kuona kiwanda. Wanne wana tabia mbaya: mmoja mlafi, mmoja amedekezwa na baba tajiri, mmoja anatafuna shingomu mchana na usiku, mmoja anaishi mbele ya televizyo. Wa tano ni Charlie. Ndani ya kiwanda wale wanne wanapotea mmoja mmoja kwa kosa lao wenyewe, Charlie anabaki, na anapewa kiwanda chote. Njo hadithi.

Tulianza na ile ya 2005, ya Tim Burton, juu watoto waliiomba. Ndani mwake baba wa Charlie anafanya kazi mu kiwanda cha dawa ya meno. Kazi yake ni moja tu: kufunga kifuniko juu ya tube. Tube inapita, anafunga. Nyingine inapita, anafunga. Kisha watu wanakula chokoleti mingi juu ya zile tikiti, meno yanaoza, dawa ya meno inauzwa sana, kiwanda kinapata feza. Na kile kiwanda kinafanya nini na feza ile? Kinanunua mashini ya kufunga vifuniko. Baba wa Charlie anafukuzwa.

Pale chumba chote kilinyamaza. Watoto tu walikuwa wanaendelea kucheka kitu kingine. Tulipowasha taa, mama mmoja ambaye bwana yake alikatwa kazini miaka mingapi sasa alisimama akasema: « Ule baba anafanana na bwana yangu kabisa. Siku walimufukuza ku kazi, alirudia ku nyumba, akakala ku meza, akasema hakuna neno, nitapata ingine. Batoto bakacheka naye. Miye peke nilijua. » Wamama wengine walikubali kwa kichwa. Mmoja akaongeza kwamba hata ile supu ni ya kweli: « Siye tulikulaka bukari na chumvi miezi mizima, na kila siku mama anasema yeye anashiba. » Ndani ya filimu mama wa Charlie anaongeza maji ndani ya supu ili watu wote wapate. Hakuna mtu aliyehitaji fasiri pale.

Lakini mwisho wa filimu baba anapata kazi tena katika kiwanda kilekile: anakuwa fundi wa kutengeneza ile mashini iliyomfukuza. Hapa ubishi ulianza. Vijana wanaosoma mekanika walifurahi, walisema hii ni shauri nzuri, mutu ajifunze mashini, asingoje mashini imukute. Dereva mmoja wa lori kubwa la mgodini hakukubali: « Apa njo banatudanganya. Mashini moja inafukuza batu makumi mbili. Wa kuitengeneza ni moja. Bale kumi na kenda beko wapi? »

Sisi tunaona dereva ana haki, ingawa vijana pia hawakosi. Tena, kitabu chenyewe hakisemi hivyo. Mu kitabu hakuna mashini: kiwanda cha dawa ya meno kinafunga milango, kwisha, na baba wa Charlie anashika beleshi kwenda kuondoa theluji njiani kwa makuta kidogo. Hakuna anayemwita tena. Dahl aliacha baridi iingie ndani ya ile nyumba na njaa ikae pale. Burton aliogopa kuwaacha watoto na huzuni ile, akamtafutia baba kazi. Mtu anaweza kusema ni wema. Sisi tunapenda zaidi kitabu mahali pale.

Na ile ya 1971? Baba hayuko. Amekwisha kufa, na mama anafua nguo za watu, Charlie anapeleka magazeti. Wajane wa kambi wanapenda ile kuliko zote. Mmoja alituambia kwamba mara ya kwanza anaona mama mjane ndani ya filimu ambaye si mchawi na hatafuti bwana mwingine. Anafanya kazi tu. Hatukuwa tumewaza hilo.

Sasa tuseme kidogo juu ya watu wa ng'ambo, sababu ubishi wao ni wa miaka zaidi ya makumi tano. Roald Dahl mwenyewe aliandika maandishi ya kwanza ya filimu ya 1971, lakini waliyageuza na mtu mwingine, na matokeo hayakumpendeza. Alilalamika kwamba Wonka amekuwa mkubwa na Charlie amekuwa mdogo. Hata jina la filimu lilibadilishwa, likawa la Wonka. Alikasirika mpaka akakataa watu wasitie kwenye filimu kitabu cha pili cha Charlie. Feza za kutengeneza filimu zilitoka kwa kampuni ya Quaker Oats, kampuni ya uji, iliyotaka kuuza chokoleti zake kwa jina la Wonka. Basi tangu mwanzo ilikuwa tangazo la biashara. Walipiga picha zake kule Munich, Ujerumani. Ule mto wa chokoleti ulikuwa maji yaliyochanganywa, na siku zilipopita ukaanza kunuka vibaya sana. Ilipotoka haikuleta feza mingi. Ni televizyo iliyoiokoa: waliirudia mwaka kwa mwaka, watoto wakakua nayo, na leo kuna watu wazima Marekani ambao kwao Wonka ni Gene Wilder tu, yule mwenye macho ya huruma na ya kutisha pamoja.

Njo sababu filimu ya Burton ilipokuja watu waligawanyika. Familia ya Dahl iliikubali, na ni kweli inafuata kitabu karibu zaidi, ukiondoa habari za baba wa Wonka, daktari wa meno, ambazo ni za kubuni. Ilileta zaidi ya dola milioni 470. Lakini Johnny Depp, mwenye kumuiga Wonka, aliwachukiza wengi. Roger Ebert, mwandishi mkubwa wa sinema wa Chicago, aliipenda filimu lakini alisema yule Wonka anamkumbusha Michael Jackson. Gene Wilder mwenyewe, akiwa mzee, alisema mbele ya watu mwaka 2013 kwamba ile filimu mpya ni matusi. Kambini kwetu mambo yalikuwa rahisi zaidi. Watoto wote wanachagua ile ya 2005 sababu ya kindi, wale wanyama wadogo wa mkia mkubwa wanaopasua karanga. Walipoambiwa kwamba wengine ni kindi wa kweli waliofundishwa kazi ile, walipiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza. Wakubwa wanasema Depp anaogopesha. « Ule hapana bwana, ule ni mutoto mwenye kuzeeka », alisema mzee mmoja, na tunaona hata Ebert hakusema vizuri namna hiyo.

Kuna kipande kimoja kiko ndani ya filimu zote mbili, tena ndani ya kitabu, ambacho sisi tunakipenda kuliko kindi. Baba tajiri wa yule mtoto aliyedekezwa, bwana Salt, ni mwenye kiwanda cha karanga. Ananunua chokoleti maelfu na maelfu, kisha anawaambia wanawake wake wa kazi: acheni karanga, fungueni chokoleti. Wanafungua kutwa. Mmoja wao anapata tikiti ya zahabu, na papo hapo inatoka mkononi mwake na kwenda kwa mtoto wa bwana. Yule mwanamke hana jina. Filimu inamwonyesha kidogo tu halafu inapita. Lakini pale kwenye benchi la nyuma, mahali walikaa wale wanaosafisha mawe ya madini mtoni, tulisikia mtu anasema kwa sauti ndogo: « Njo vile. »

Sasa tuje kwa jambo lililochukua saa mbili za ubishi, yaani Oompa-Loompa.

Mu hadithi, Wonka aliwafukuza wafanyakazi wote wa kwanza, maelfu, sababu kulikuwa na wapelelezi kati yao waliouzia viwanda vingine siri zake. Hakutafuta nani mwizi. Wote nje. Filimu ya 2005 inaonyesha babu wa Charlie kati ya waliofukuzwa. Kisha kiwanda kikaanza moshi tena, bila mtu kuingia mlangoni. Nani anafanya kazi? Oompa-Loompa, watu wafupi sana waliotolewa mbali, wanaopenda kakao kuliko kitu chote. Wonka alifanya nao masikilizano: watoke kwao wote, wafanye kazi, na mshahara wao utakuwa kakao.

Filimu zinawaonyesha kama watu wa rangi ya machungwa na nywele za kijani, au mwaka 2005 kama mtu mmoja aliyerudiwa mara 165: yule ni Deep Roy, mwigizaji aliyezaliwa Nairobi, Kenya. Watoto wetu hawakujua kwamba mu kitabu cha kwanza cha 1964 wale watu walikuwa weusi. Walikuwa mbilikimo aliowatoa Wonka ndani ya pori la Afrika, aliwasafirisha ndani ya masanduku yenye matundu ya kupumulia, kama kuku. Ndiyo, ndugu zetu Watwa na Wambuti. Filimu ilipokuwa inatayarishwa, NAACP, shirika la kutetea haki za watu weusi wa Marekani, lilipinga, na wenye filimu wakawapaka rangi ya machungwa. Mwaka 1973 Dahl naye akabadilisha kitabu: wakawa weupe wenye nywele za dhahabu, kutoka inchi ya kubuni. Masanduku yenye matundu yalibaki.

Na huyu Dahl si mtu ambaye hakumjua Mwafrika. Mwaka 1938 kampuni ya petroli ya Shell ilimtuma Dar es Salaam, alikaa pale mpaka vita ya 1939, akajifunza Kiswahili, kisha akaenda Nairobi kuingia jeshi la ndege la Uingereza. Lugha hii tunayoandika aliisikia kila siku nyumbani na kazini. Jambo lingine la kushangaza: mwaka 2017 mjane wake alisema kwenye redio BBC kwamba kwa mara ya kwanza Charlie mwenyewe aliandikwa mtoto mweusi, na wakala wa vitabu njo alimshauri abadilishe. Basi angeweza kuwa mweusi mwenye kurithi kiwanda. Wakabaki weusi wa ndani ya sanduku, na hata hao wakapakwa rangi.

Tulipoeleza hayo, tuliwaza watu watakasirika wote pamoja. Haikuwa hivyo. Mzee mmoja wa pansio, aliyeanza kazi kijana sana, alisimama na fimbo yake. Tunaandika maneno yake namna alisema, sababu wazee wengi walimpigia makofi:

« Munasema mubaya juu ya ule Wonka. Lakini angalieni muzuri. Bale batu beko na nyumba? Beko nayo. Banakula? Banakula. Beko na bibi na batoto, banaimba. Siku moja ulisikia banafukuza moja wao? Siye zamani tulipewa posho: unga, samaki. Lopitali bure, masomo ya batoto bure. Leo munapewa feza, ni kweli. Muko na nini? »

Vijana walimjibu kwa heshima lakini kwa moto. Mmoja anafanya kazi kwa kampuni inayokodisha watu kwa kampuni ingine, kontra ya miezi mitatu mitatu. Alisema: « Baba, posho ni muzuri kama mutu anaweza kuikatala. Bale banaweza kutoka? Mulango iko na kifungulo. » Mwingine akasema feza inaweza kwenda kwa mama yako kule kijijini, lakini kakao utaituma wapi. Mzee hakunyamaza: « Na weye, ile feza yako inafika kwa mama? » Watu walicheka, hata yule kijana.

Sisi wa sendika tuliona jambo ambalo pengine wenye filimu hawakuliona kabisa. Nusu ya chumba ilitamani kuwa Oompa-Loompa. Si kwa ujinga. Wazee hawa walikula posho ya kampuni, wakazaa watoto katika lopitali ya kampuni, na ilipoanguka waliona namna mtu anabaki bila kitu mkononi. Vijana hawakupata ile posho, walipata tu mlango unaofunguka kila miezi mitatu. Kati ya hao wawili hakuna anayedanganya. Lakini tunasimama na vijana kwenye jambo moja: mshahara unaoliwa mbele ya bwana si mshahara. Mtu hawezi kuuweka, hawezi kuukopesha, hawezi kugoma nao. Siku bwana akibadilisha roho, tumbo lako limo mkononi mwake.

Na kuna habari za usalama. Hapa tunaomba wazazi wasome kitabu pamoja na watoto, maana filimu zinapita mbio. Wonka anajaribisha vitu vyake vipya kwa Oompa-Loompa. Ile shingomu inayogeuza mtoto kuwa tunda kubwa la bluu, alikuwa amekwisha kuijaribisha kwa Oompa-Loompa makumi mbili, na wote makumi mbili waligeuka matunda. Kinywaji cha kupaa juu alimpa mzee mmoja wa Oompa-Loompa. Alipaa, akapaa, hakuonekana tena. Wonka anasimulia kama mchezo. Hakuna rapora, hakuna malipo kwa mjane. Fundi mmoja wa baruti, mtu asiyesema mingi, aliuliza mara mbili kama ni kweli imeandikwa vile. Tulimsomea ukurasa. Alisema tu: « Mutu mwenye kupaa iko na jamaa. »

Mtoto mmoja wa miaka kenda aliuliza: « Delege wao ni nani? » Tulicheka sana. Hakuna ndani ya kitabu wala filimu.

Wengine walitulaumu. Mwalimu mmoja alisema tunabeba sendika mpaka ndani ya chokoleti ya watoto, kwamba hadithi ni hadithi, na mtoto anayejua kusoma atajikingia mwenyewe. Tunamsikia. Watoto wenyewe walilala salama wakiota mto wa chokoleti, na hakuna mtu atakayewanyima ule mto. Lakini wakubwa walikuwa kwenye mabenchi, na kwao haikuwa ndoto.

Jumamosi ya pili, filimu ya 1971, watu waliona jambo ambalo halimo ndani ya kitabu. Watoto na wazazi wao wanapoingia kiwandani, Wonka anawaonyesha kontra kubwa juu ya ukuta. Juu herufi ni kubwa kabisa. Chini zinapungua, zinapungua, mpaka hakuna jicho linaloweza kuzisoma. Wazazi wengine wanaanza kupinga, lakini watoto wanataka kuingia, basi wote wanatia saini. Mwisho wa filimu Wonka anakasirika, anatoa ile kontra na kioo cha kukuza herufi, anamsomea babu wa Charlie: mmekunywa kile kinywaji cha kupaa bila ruhusa, hamtapata kitu. Pale Gene Wilder anapiga kelele namna watoto wa mbele walirudi nyuma. Ni kweli anamsamehe Charlie baada ya dakika moja, sababu mtoto anarudisha pipi aliyopewa. Mama mmoja akasema: kama mutoto hangeirudisha je?

Na ile ya 2023 ni karibu yote juu ya kontra. Wonka kijana, anayeigwa na Timothée Chalamet, anafika mjini bila feza, anatafuta mahali pa kulala usiku mmoja. Mama mwenye nyumba anamkaribisha vizuri na kumpa karatasi atie saini. Msichana yatima, jina lake Noodle, anamwambia polepole asome maandishi madogo. Lakini Wonka hajui kusoma. Anatia saini. Asubuhi anapewa hesabu: kila ngazi aliyokanyaga iko na bei, sabuni iko na bei, na deni limekuwa sarafu 10.000. Atalipa kwa kufua nguo chini ya nyumba, sarafu moja kwa siku. Tulipiga hesabu ubaoni pamoja na watoto: ni zaidi ya miaka 27. Kule chini anakuta wengine waliotia saini mbele yake, na mmoja wao alikuwa mtu wa hesabu!

Kama filimu, ile ya tatu ni nyepesi kuliko nyingine. Nyimbo ni mingi na kila kitu kinaisha vizuri. Wenye viwanda vitatu wanaosikilizana kupandisha bei na kumhonga mkubwa wa polisi na chokoleti mpaka ananenepa, wale watu waliwacheka kwa furaha kubwa. Juu ya Oompa-Loompa, safari hii yuko mmoja, na Wonka njo mwizi: alichukua kakao kwao bila kuuliza, na yule mfupi anamfuata kudai. Wakubwa walisema afazali. Lakini anaigwa na Hugh Grant, mtu mrefu aliyepunguzwa na kompyuta, na kule Uingereza waigizaji wafupi walilalamika kwamba kazi chache walizo nazo zinachukuliwa. Dereva wetu wa lori alitikisa tu kichwa aliposikia. Alikwisha kusema yake Jumamosi ya kwanza.

Jumatatu iliyofuata vijana wanne walifika kwenye biro yetu na kontra zao mkononi. Mmoja alisema wazi kwamba alitia saini bila kusoma, juu mtu wa biro alikuwa anamngoja na kalamu. Kontra yake iko na kurasa kumi na moja, upande mmoja Kifaransa, upande mwingine Kiingereza, na pande hizo mbili hazisemi jambo moja juu ya saa za usiku. Tulianza saa tisa. Giza lilipoingia tulikuwa ukurasa wa saba.

Wengine wenye kutaka kusomewa zao waje Jumatatu na Alhamisi, kisha ekipe ya asubuhi kutoka. Walete karatasi zote, hata za nyuma. Watoto wameomba turudie ile ya kindi. Tutafanya Jumamosi kama umeme unakubali.